Nimepigiwa Windows mara mbili na matangazo yanarudi. Yanatokea wapi?

Mama Neema Moro

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, na naomba mnisome mpaka mwisho maana nimeshahangaika vya kutosha.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na shule ya sekondari. Nachapa, natoa kopi, naskani, nasaidia vijana kujaza maombi ya mkopo na ya vyuo. Kompyuta ni moja ya mezani, Windows 10, kivinjari ni Chrome, intaneti natumia hotspoti ya simu.

Tangu mwezi wa nne, kona ya chini kulia yanatoka matangazo. "Kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa." Kamari. Na picha ambazo siwezi kuzitaja. Wiki iliyopita alikuwepo mwalimu mkuu, nachapa barua yake ya wazazi, picha ya namna hiyo ikachomoza. Niliifunika skrini kwa mkono. Sikulala vizuri siku ile.

Halafu nikitafuta kitu Google, ukurasa unarukia kwanza tovuti nyingine ya kutafutia nisiyoijua, ndipo majibu yanakuja. Na bando la GB 10 nililokuwa nakaa nalo wiki mbili sasa linakata siku ya sita.

Fundi amenipigia Windows upya mara mbili, 25,000 kila mara. Ya kwanza nilikaa siku nne salama. Ya pili hata siku mbili hazikuisha. Kama kila kitu kilifutwa, haya mambo yanarudije?

Kijana wa Msamvu

Pole sana mama. Weka antivairasi nzuri, tatizo lote litaisha.

Mama Neema Moro

Ipo mwanangu. Inaskani, inasema hakuna kitu.

Mzigua Fundi

Mama Neema, usipige Windows mara ya tatu. Hiyo hela kanunulie rimu za karatasi.

Kabla sijasema lolote nijibu haya. Hayo matangazo ya kona, ukiyaangalia vizuri, yana nembo ndogo ya Chrome na jina la tovuti kwa maandishi madogo? Ukifungua Edge badala ya Chrome, utafutaji unaruka vilevile? Simu unayowashia hotspoti, yenyewe ina shida hiyo? Baada ya kupigiwa Windows, uliingia Chrome kwa Gmail ileile ya zamani? Na fundi wako programu alizitoa wapi, alipakua au alikuja nazo?

Nauliza hivi kwa sababu tangazo linaweza kukaa kwenye kivinjari, kwenye Windows yenyewe, au kwenye ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti. Kama simu na kompyuta zote zinasumbuliwa kwenye mtandao mmoja, unatazama ruta. Kama ni kivinjari kimoja tu, unatazama kivinjari hicho. Wengi tunaanza kufuta kabla hatujajua tunafuta nini.

Mama Neema Moro

Asante kwa kunijibu kaka. Ndiyo, nembo ya Chrome ipo, sikuwahi kuiona mpaka uliposema. Edge haina shida, simu haina shida. Gmail ni ileile, nina nyaraka za wateja humo. Niliingia tu, alama za kurasa na kila kitu vikarudi vyenyewe, nikafurahi.

Fundi alikuja na flashi. Ina folda ya programu zote: ya kuandikia, ya kusomea PDF, VLC ya kuchezea video, na ile ya kuaktiveti Windows bila kununua leseni. Alizima kwanza ulinzi wa Windows, akasema bila hivyo haikubali.

Kitu kingine, Chrome chini ya menyu imeandika kivinjari changu kinasimamiwa na shirika langu. Mimi sina shirika.

Mzigua Fundi

Hapo umeshanipa karibu kila kitu. Kaa na kompyuta, tuende pamoja.

Anza na ya kona, maana hayo ndiyo yanakuaibisha mbele ya watu na ndiyo mepesi kuliko yote. Hayo si virusi. Ni arifa. Kuna siku wewe, au kijana aliyekuja kutafuta notisi za masomo, mlifungua tovuti ikasema "bofya Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti". Mkabofya. Ile haikuwa kuthibitisha chochote, ilikuwa kibali cha kukutumia ujumbe hata kama tovuti yenyewe hujaifungua. Ndiyo maana antivairasi inasema hakuna kitu: hakuna faili la kukamata, kuna ruhusa mliyoitoa.

Andika kwenye sehemu ya anwani ya Chrome: chrome://settings/content/notifications halafu Enter. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila moja usiyoitambua. Kwa steshenari mimi nashauri uondoe zote, kisha hapohapo juu uchague tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Hakuna mteja atakayekuja dukani kwako kwa ajili ya arifa.

Na lile la "virusi 5" ni uongo mtupu. Tovuti haiwezi kuhesabu virusi kwenye diski yako kwa kufunguliwa tu. Usibofye, usipige namba yoyote iliyoandikwa pale.

Sasa hilo la utafutaji kuruka. Hapo kuna kiendelezi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari. Andika chrome://extensions utazame vilivyopo. Niambie majina na kama kila kimoja kina kitufe cha kuondoa.

Mama Neema Moro

Kaka! Zilikuwa tovuti 31 kwenye ile orodha. Thelathini na moja. Nimezifuta zote na kona imetulia tangu asubuhi.

Viendelezi ni viwili. Kimoja cha kubadili PDF kuwa Word, kingine cha kutafutia. Hicho cha pili hakina kitufe cha kuondoa, kina alama inayosema kimewekwa na msimamizi. Cha PDF sikumbuki kukiweka kabisa.

Mzigua Fundi

Nilitegemea hivyo. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo.

Hicho kisicho na kitufe kimewekwa kwa sera. Chrome ina utaratibu halali wa makampuni makubwa kulazimisha viendelezi kwenye kompyuta za wafanyakazi wao, wafanyakazi wasiweze kuvitoa. Programu za matangazo zinautumia mlango huohuo. Zinaandika maagizo kwenye rejista ya Windows, pale inapotunza mipangilio yake, Chrome ikifunguka inayatii, inajiona iko kwenye kampuni. Ndiyo hilo "shirika" lako. Andika chrome://policy utayaona. Yaliingia na moja ya programu zilizo kwenye flashi ya fundi. Alipopiga Windows alifuta kweli, halafu akapachika tena kwa mkono uleule.

Cha PDF kimepita njia nyingine. Kupiga Windows kunafuta diski, hakufuti kilichohifadhiwa kwenye akaunti ya Google. Uliposema "vikarudi vyenyewe nikafurahi", na chenyewe kilirudi katika msafara huo. Je, Gmail hiyo iko kwenye kompyuta nyingine?

Na usikidharau hicho cha PDF. Mei 2023 mtafiti Wladimir Palant alionyesha kwamba kiendelezi kilichoitwa PDF Toolbox, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2 na kikipatikana kwenye duka la Chrome lenyewe, kilikuwa na msimbo uliofichwa ambao ungeweza kuingiza chochote kwenye ukurasa wowote unaoufungua. Baada ya hapo akavikuta vingine vingi vya aina hiyo, Google ikaviondoa. Sisemi chako ni hicho. Nasema watu wa steshenari ndio tunaotafuta vitu vya PDF kutwa kucha, na wanaotega mitego wanajua hilo.

Mama Neema Moro

Binti yangu Neema yuko chuo Dodoma, laptopu yake ina hiyo Gmail, nilimwekea mimi mwenyewe alipoondoka ili anitumie picha. Nimempigia. Anasema ndiyo, alikiweka mwaka jana kwa ajili ya kazi za darasani. Na yeye anatokewa na matangazo, alidhani ni kawaida.

Bahari ya Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina saiba, duka la watu kutumia intaneti, haya mambo nimeyala sana. Naongeza mahali pawili ambapo watu husahau, maana huyu dada akishatoa kiendelezi na pakabaki mzizi, kesho atarudi hapa.

Kwanza ile njia ya mkato ya Chrome pale kwenye dawati. Bofya kulia, fungua sifa zake, utazame mstari unaotaja faili linalofunguliwa. Unatakiwa uishie na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta baada ya hapo kuna anwani ya tovuti imening'inizwa, hiyo ndiyo inakupeleka kwao kila ukifungua. Ifute anwani tu, uache mengine. Ile iliyo chini kwenye upau nayo uitazame, ni nyingine.

Pili, kazi zilizopangiwa saa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika taskschd.msc. Nilipata kompyuta moja kila baada ya saa moja inafungua ukurasa wa kamari wenyewe, na kila tulipoufunga tukadhani tumemaliza. Kumbe ilikuwa kazi imepangwa pale, imepewa jina linalofanana na la masasisho ya kawaida. Tazama kila kazi inaendesha nini. Ikiwa inaita anwani ya tovuti, ing'oe.

Mzigua Fundi

Ahsante sana ndugu wa Mombasa, umenitua mzigo.

Mama Neema, fanya kwa mpangilio huu. Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl. Panga programu kwa tarehe ya kusakinishwa. Zote zilizoingia siku aliyokuja fundi zisome jina moja moja, usizozijua na usizozihitaji zitoe. Soma kila dirisha linalokuja wakati wa kutoa, maana nyingine zina ujanja, kitufe kikubwa chenye rangi kinamaanisha "nibakishe".

Kisha pakua AdwCleaner kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe, si kwingine. Ni faili dogo, halihitaji kusakinishwa, ni bure. Ilianzishwa 2011 kwa kazi hii moja ya kusaka programu za matangazo, Malwarebytes wakaichukua 2016. Kabla ya kuskani ingia kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya kurekebisha sera za Chrome, iwashe. Itakapomaliza itazima na kuwasha kompyuta, kwa hiyo hifadhi kazi za wateja kwanza.

Ikishawaka rudi chrome://policy. Ikiwa tupu, kiendelezi cha kutafutia kitaondoka. Cha PDF kitoe ukiwa umeingia kwenye Gmail yako, ili kuondolewa kwake kufike mpaka kwenye akaunti. Neema naye akitoe kwake siku hiyohiyo na apitishe AdwCleaner. Mkitoa upande mmoja tu, upande wa pili unaweza kukirudisha.

Mwalimu Mstaafu Tanga

Nafuatilia uzi huu kwa makini. Nataka kuuliza kitu ambacho vijana hawakiulizi: nani anafaidika? Maana mimi nikiibiwa kuku najua mwizi anakula kuku.

Mzigua Fundi

Shikamoo mwalimu. Swali zuri sana.

Biashara yenyewe ni kulipwa kwa kila kompyuta. Mwenye tovuti ya kutazamia au kutafutia analipwa na watangazaji kwa kila anayefika. Anamlipa mtu mwingine amletee watu. Huyo anachukua programu ya bure inayopendwa, anaifunga ndani ya kifurushi chake pamoja na takataka, anaiweka mtandaoni. Wewe unabofya Endelea, Endelea, Endelea, yeye anahesabu senti. Mwishoni mwa 2011 Gordon Lyon, aliyetengeneza Nmap ya kuchunguza mitandao, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya kupakulia programu ya Download.com inaifungia programu yake ya bure kwenye kifurushi chenye upau wa matangazo bila idhini yake. Tovuti iliyokuwa ikiaminika dunia nzima.

Hata kompyuta mpya haikupona. Kuanzia 2014 Lenovo waliuza baadhi ya laptopu zikiwa na programu iitwayo Superfish, ya kupenyeza matangazo kwenye kurasa. Ili iweze kupenyeza hata kwenye kurasa zenye kufuli (za https), ilijiwekea cheti chake ndani ya Windows, na ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Maana yake aliyeupata ufunguo angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kikakubali. Februari 2015 ikafichuka, Lenovo wakaacha kuiweka, na 2017 wakafikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo 32.

Kwa hiyo mwalimu, tangazo ndilo linaloonekana. Hatari iko kwenye ruhusa iliyopewa hilo tangazo ili liweze kuonekana. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadili kila ukurasa kinaona kijana wa watu anapoandika nywila ya akaunti yake ya mkopo pale kwa Mama Neema. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko hata zile picha.

Mama Neema Moro

Umenitisha kaka. Wanafunzi wengi wameniachia nywila zao zimehifadhiwa kwenye Chrome ili wakirudi isiwe shida.

Mzigua Fundi

Zifute zote baada ya kusafisha, na uwape taarifa wabadilishe, wakibadilishia kwenye simu zao. Ni kazi ya aibu kidogo lakini ni haki yao. Na wewe badilisha ya Gmail yako kwa simu.

Kuanzia sasa mteja akitaka kujaza fomu, bofya picha ya akaunti yako pale juu ya Chrome, fungua dirisha la mgeni. Akimaliza ukalifunga, hakuna nywila inayobaki, hakuna historia, na viendelezi vyako havifanyi kazi humo. Vijana wanaokaa wenyewe kwenye kompyuta watengenezee akaunti ya Windows isiyo na mamlaka ya usimamizi. Programu nyingi zikitaka kusakinishwa zitaomba nywila yako, na wewe ndiye utakayeamua.

Kijana wa Msamvu

Fundi, naomba nipingane kidogo. Hizo za kuaktiveti kila mtu anatumia, leseni ya Windows bei yake mtu wa steshenari hawezi. Mimi natumia mwaka wa tatu sijaona tangazo.

Mzigua Fundi

Mdogo wangu, bei naijua na sikubezi. Lakini tazama kinachofanyika. Mtu anakuambia zima ulinzi kwanza, halafu fungua faili hili kwa mamlaka yote. Hakuna mwizi aliyewahi kupata nafasi nzuri zaidi ya hiyo. Na tatizo haliishi ukiwasha ulinzi tena, maana nyingi za programu hizo zinajiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo ulinzi wa Windows hautakiwi kuvigusa. Nimekuta kompyuta ambayo diski C nzima ilikuwa kwenye orodha hiyo. Ulinzi umewaka, alama ya kijani ipo, na hauangalii chochote. Mwishoni mwa 2021 watafiti wa Red Canary walieleza kuhusu nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya hizo za kuaktiveti, zilizokuja na mwizi wa nywila ndani yake. Kutoona tangazo mwaka wa tatu si ushahidi kwamba hakuna kitu.

Tazama mwenyewe. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, kama msimamizi, andika (Get-MpPreference).ExclusionPath na Enter. Ikirudi bila kitu, vizuri. Ikileta njia za folda ambazo hukuziweka wewe, njoo hapa tuzungumze.

Mama Neema na wewe fanya hivyo. Kisha andika Set-MpPreference -PUAProtection Enabled. Hiyo inawasha kinga dhidi ya programu zisizotakiwa, zile ambazo si virusi kwa jina lakini ndizo zinazokutesa.

Kuhusu gharama: kompyuta nyingi za mtumba kutoka ofisini zilikuja na leseni halali imeandikwa ndani ya bodi ya mashine. Fundi akisakinisha toleo lilelile la Windows, inajiaktiveti ikipata intaneti. Watu wanaweka kraki, yaani hizo za kuaktiveti, juu ya leseni yao wenyewe bila kujua. Na LibreOffice ni bure, inafungua hati za Word. Mpangilio wa baadhi ya hati unaweza kuhama, hilo nakiri.

Kijana wa Msamvu

Nimeangalia. Imeleta folda mbili na C:\Windows\Temp. Naja inbox fundi.

Mzigua Fundi

Uliza hapahapa, wengine wanasoma.

Bahari ya Nyali

Na mkitafuta programu ya kupakua, msibofye la juu kabisa lenye alama ya tangazo. Desemba 2022 hata FBI ya Marekani ilitoa onyo kwamba wahalifu wananunua nafasi za matangazo kwenye injini za kutafutia na kujifanya kampuni halisi, na ikashauri watu watumie kizuia matangazo. VLC ni videolan.org, iandike mwenyewe. Mimi saiba nzima nimeweka Firefox na kizuia matangazo cha uBlock Origin ya Raymond Hill. Kwenye Chrome ile kamili haifanyi kazi tena, ipo uBlock Origin Lite. Angalieni jina la mtengenezaji, ziko za kuiga majina.

Mama Neema Moro

Narudi na majibu. Leo ni siku ya kumi na mbili.

AdwCleaner ilikuta vitu 47. Maandishi ya shirika yameondoka. Ile njia ya mkato ilikuwa na anwani imening'inizwa kama alivyosema kaka wa Mombasa. Kwenye orodha ya ulinzi kulikuwa na diski C nzima. Nimeitoa, nikaskani upya kwa ulinzi uleule wa Windows, ikakamata vitu vitatu ambavyo mwanzo ilisema havipo. Mashine yangu ni ya mtumba, ilikuwa na leseni ya Windows 10 Pro, tumeweka Pro imejiaktiveti yenyewe.

Bando niliweka GB 10 siku ileile niliyosafisha, bado nina GB 3.

Wanafunzi nimewatafuta 19 mpaka sasa, wamebadilisha nywila. Wawili namba zao hazipatikani, nimeacha ujumbe shuleni.

Fundi wangu nilimwita, sikumgombeza, nikamwonyesha uzi huu. Alikaa kimya, akasoma wote, akasema hiyo flashi ameitumia kwenye maduka sita mtaa huu. Kesho anaanza kuyazungukia, na ameniomba niwaulize: aanze kuifomati flashi, au kuna cha kuokoa humo?

Mzigua Fundi

Aifomati yote. Programu azipakue upya kutoka kwa wenyewe. Na akifika duka la kwanza, kabla hajagusa kitu, aulize Gmail ya duka hilo iko kwenye kompyuta ngapi.